Mshahara ni Ngapi, na Mkononi Unabaki na Ngapi?



Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu na dada zangu, shukran kwa kuitika. Na wewe unayesoma kwenye simu kwa sababu siku ya mazungumzo hukuweza kufika, haya nimeyaandika vile vile nilivyoyasema. Jihesabu umekaa na sisi hapa mkekani.

Kwanza niondoe wasiwasi: sikuja kuwaambia msiende. Watu wa pwani tumevuka bahari tangu enzi za majahazi, na hakuna nyumba hapa mtaani isiyokuwa na mtu Saudia, Qatar, Dubai au Oman. Kutafuta riziki ya halali ni ibada, na ardhi ya Allah ni pana. Nilichokuja nacho leo ni hesabu tu. Manake tunapofuatilia kesi za vijana wetu waliokwama huko, mara nyingi tatizo halikuanzia uwanja wa ndege wa Riyadh. Lilianzia hapa hapa, maskani, siku ajenti alipotaja mshahara na kijana akauliza swali moja tu: "Ni ngapi?"

Swali hilo halitoshi. Uliza pia: mkononi nabaki na ngapi? Na nani analipa nini? Ukijua majibu ya hayo mawili kabla ya kutia saini, umejilinda zaidi kuliko wakili yeyote atakavyokulinda baadaye.

Tuanze na Qatar.

Ajenti anakwambia, "Bro, riyali 1,800 kwa mwezi." Unatoa simu, unapiga hesabu. Riyali moja ya Qatar ni kama shilingi 35, kwa hivyo unapata elfu sitini na tatu. Unakimbia kumwambia mama. Mama anaanza kupanga kuezeka nyumba.

Sasa sikiliza. Sheria ya Qatar, tangu Machi 2021, inasema kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000. Kama mwajiri hakupi makao, akuongezee riyali 500. Kama hakupi chakula, akuongezee 300. Jumlisha: 1,000, na 500, na 300. Umeona 1,800 imetoka wapi? Ukifika ukapewa kitanda kwenye kambi ya kampuni na ukalishwa, zile 800 haziingii mkononi mwako. Unapokea 1,000, yaani kama elfu thelathini na tano. Hapo hakuna aliyevunja sheria. Lakini nyumbani uliahidi hesabu ya elfu sitini na tatu, na mama ameshaagiza mabati.

Kwa hivyo, mkataba ukiwa mbele yako, tafuta mistari miwili. Wa kwanza ni mshahara wa msingi. Wa pili ni marupurupu: nyumba, chakula, usafiri. Ajenti hupenda kuvitaja pamoja kwa sababu jumla inang'aa. Wewe vitenganishe. Mshahara wa msingi ndio mzizi, manake hata malipo mengine yanahesabiwa kutoka kwake.

Chukua Falme za Kiarabu, yaani Dubai, Abu Dhabi, Sharjah na wenzake. Kule mgeni anayefanya kazi kampuni binafsi hana kima cha chini cha mshahara kinachomlinda kama Qatar, unalipwa ulichokubali. Ovataimu inahesabiwa kwa mshahara wa msingi, na nyongeza ya asilimia 25, au 50 ukifanya usiku wa manane. Kiinua mgongo pia hivyo hivyo: ukitimiza mwaka, unastahili mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka, kwa ile miaka mitano ya mwanzo. Sasa vijana wawili wameambiwa wote "dirhamu 1,500". Mmoja, msingi wake ni 1,500 nzima. Mwingine, msingi ni 800 na 700 ni marupurupu. Baada ya miaka miwili, wa kwanza anaondoka na kiinua mgongo cha dirhamu 2,100. Wa pili anaondoka na 1,120. Ni kazi moja na jua moja, lakini mkataba mmoja ulisomwa na mwingine ukatiwa saini hivi hivi.

Mtu ataniambia, "Lakini kule hakuna kodi." Ni kweli. Qatar, Saudia na Falme za Kiarabu hazikati kodi ya mapato kwenye mshahara wako. Hapa Kenya hati ya mshahara imejaa makato: PAYE, NSSF, asilimia 2.75 ya SHA, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Kule unapata wote. Ila kumbuka upande wa pili: hakuna anayekuwekea akiba ya uzeeni kule. Ukirudi na miaka 35, kilichopo ni kiinua mgongo, na kile ulichojiwekea mwenyewe.

Na tena, hata mahali ambapo hakuna kodi ya serikali, kodi ya chumba ipo. Tufanye hesabu ya Dubai. Hii ni mifano ya kutufundishia kupiga hesabu, sio bei za leo. Bei za leo muulize mtu anayeishi kule mwezi huu, usimuulize aliyerudi miaka mitatu iliyopita.

Kijana wa kwanza amepata kazi ya dukani, dirhamu 2,000, ajitegemee kila kitu. Kitanda kimoja kwenye chumba cha watu kadhaa, tuseme 700. Chakula, 500. Nauli ya basi na metro, 200. Simu na bando, 100. Sabuni, kinyozi na madogo madogo, 50. Jumla ni 1,550. Amebaki na 450. Kwa shilingi 35 kila dirhamu, hizo ni 15,750.

Kijana wa pili ni mlinzi, analipwa dirhamu 1,300. Marafiki wanamcheka. Lakini kampuni inampa kitanda na gari la kumpeleka kazini. Chakula 450, simu 100, madogo madogo 50. Jumla 600. Amebaki na 700, yaani shilingi 24,500.

Si mmeona? Mwenye mshahara mdogo amebaki na pesa zaidi. Ndio maana nasema usiulize mshahara ni ngapi ukanyamaza.

Halafu kuna wale wa visa ya matembezi. "Ingia kwanza, kazi utatafutia huko huko." Hapo hesabu ni mbaya zaidi, kwa sababu unalipa kitanda na chakula bila mshahara wowote, na kufanya kazi kwa visa hiyo ni kuvunja sheria ya nchi. Visa ikiisha, faini ni dirhamu 50 kwa kila siku unayozidi. Mwezi mmoja wa kuzidi ni dirhamu 1,500, zaidi ya elfu hamsini za Kenya. Ukiwa katika hali hiyo, mwajiri akikudhulumu utakwenda kushtaki wapi?

Dada zangu, sasa tuje Saudia, kazi za nyumbani.

Hapa hesabu ni tofauti. Unalala kwa mwajiri, unakula kwa mwajiri, kwa hivyo mshahara unaonekana umebaki wote. Tuseme ni riyali 1,000, kama shilingi 34,000 hivi. Toa bando, vitu vyako vya kike, na ada ya kutuma pesa. Bado nzuri. Lakini kuna kitu kimoja unalipa ambacho hakiandikwi popote: saa zako.

Kanuni mpya za Saudia za wafanyakazi wa nyumbani, zilizoanza kutumika Oktoba 2024, zinaweka kikomo cha saa 10 kwa siku na siku moja ya mapumziko kila wiki. Piga hesabu: siku 26, saa 10, ni saa 260. Shilingi 34,000 ukigawanya kwa 260 ni kama shilingi 130 kwa saa. Lakini ukifanyishwa saa 16 kila siku bila mapumziko, siku zote 30, hizo ni saa 480. Sasa saa moja imekuwa kama shilingi 70. Riyali ni zile zile 1,000, mkataba ni ule ule, na umeibiwa karibu nusu ya ujira wako bila mtu kugusa hata riyali moja. Ile saa ya usiku unayoamshwa kupika ni pesa yako, dada. Andika saa zako kwenye daftari, kila siku. Siku ya malalamiko, daftari hilo litazungumza.

Mtume wetu, swalallahu alayhi wasallam, alihimiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijakauka. Hii sio hisani ya mwajiri. Ni haki, na mwajiri akiwa Muislamu ndio hana kisingizio kabisa.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Deni.

Ajenti anasema, "Lete laki na nusu, visa, tiketi na kila kitu." Simama hapo. Nani anatakiwa kulipa? Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Sheria ya kazi ya Saudia, kifungu cha 40, inaweka gharama za kumleta mfanyakazi, ada za iqama na kibali cha kazi juu ya mwajiri. Kwa hivyo ukiambiwa ulipie visa ya kazi, uliza: mwajiri amelipa nini, na hii yangu inaenda wapi? Taka risiti, kitu kwa kitu. Pasipoti yako na cheti chako cha polisi utalipia, sawa. Lakini "kila kitu" sio kitu. Ajenti asiyetaka kuandika risiti amekujibu tayari.

Turudi kwa yule kijana wa duka anayebaki na 15,750. Amekopa 150,000. Hata akituma kila shilingi anayobaki nayo, itamchukua miezi tisa na nusu kurudi kwenye sifuri. Miezi tisa na nusu hajamnunulia mama hata kilo ya sukari. Na hiyo ni kama alikopeshwa na mjomba, bila riba. Kama alikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani anayetoza asilimia 10 kwa mwezi, riba peke yake ni 15,000 kila mwezi. Toa kwenye 15,750. Anabaki na shilingi 750 za kupunguza deni lenyewe. Kijana huyo hafanyi kazi kwa ajili yake. Ameajiriwa na mkopeshaji, ila amepelekwa Dubai. Ndugu zangu, Allah alipoharamisha riba hakutunyima kitu. Alitukinga na hili.

Na mtu mwenye deni hilo, mwajiri akimchelewesha mshahara miezi miwili, atafanya nini? Akimwongezea saa? Akimchukua pasipoti? Atanyamaza. Manake nyumbani shamba limewekwa rehani, dhahabu ya mama imeuzwa, na mkopeshaji anapiga simu kila siku. Tunalaumu sana kafala, na ni haki kuilaumu. Qatar waliondoa sharti la ruhusa ya mwajiri kubadilisha kazi mwaka 2020. Saudia walilegeza mwaka 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa katika mageuzi yale. Hiyo ni dhulma na tutaendelea kuisema. Lakini hata siku kafala itakapokufa kabisa, mwenye deni hataweza kuondoka kwa mwajiri mbaya. Deni humfunga mtu kabla kafili hajamwona. Ndio maana hii hesabu ya leo ni mambo ya haki, sio mambo ya pesa tu. Anayejua anabaki na ngapi anaweza kukataa. Na kuweza kusema "hapana" ndio mwanzo wa uhuru.

Jambo lingine ni sarafu. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola, riyali 3.75 kwa dola moja, miaka nenda miaka rudi. Shilingi yetu ndiyo inayopanda na kushuka. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ule ule ilikuwa kama 129. Aliyetuma riyali 1,000 Januari, nyumbani zilifika zaidi ya 42,000. Miezi michache baadaye, riyali 1,000 zile zile zikawa kama 34,000. Zimepotea elfu nane, na mwajiri hajakata kitu. Nyumbani wakaanza kuuliza, "Mbona siku hizi unatuma kidogo? Umeoa huko?" Kwa hivyo usiahidi kwa shilingi. Ahidi sehemu: "Mama, nitakuletea theluthi ya ninachobaki nacho." Sehemu haikuaibishi sarafu ikigeuka.

Na hili nawaambia wazazi kwa heshima. Mtoto akiwa ng'ambo sio kisima. Kaeni naye kabla hajasafiri, mumuulize anabaki na ngapi, na mkubaliane. Kiasi kiende kwa nyumba, kiasi kilipe deni, na kiasi kiwe kwenye akaunti iliyo kwa jina lake mwenyewe. Tumeona watu wanarudi baada ya miaka sita, nyumba waliyoijenga ina hati ya mtu mwingine.

Kuna wanaoniuliza kuhusu Ulaya, hasa Ujerumani, tangu serikali yetu iliposaini makubaliano nao Septemba 2024. Huko hesabu inageuka. Mshahara unaotajwa kwenye tangazo ni ule kabla ya makato, wanauita brutto. Unaoingia benki ni netto. Kodi, bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi na bima ya uangalizi wa wazee zinakatwa kabla hujaiona pesa. Mtu asiye na familia anaweza kukatwa karibu theluthi. Sio wizi: ukiugua unatibiwa, na pensheni inaandikwa kwa jina lako. Lakini usizidishe brutto kwa shilingi ukamwambia mama. Na ukitafuta nyumba, uliza kama kodi ni ya baridi au ya moto. Ya baridi haijaweka joto la nyumba wala maji, na baridi ya Ujerumani sio ya Limuru.

Basi chukueni daftari, au simu, mwandike maswali haya. Usitie saini mpaka uwe na jibu la kila moja, na jibu liwe kwenye karatasi.

Mshahara wa msingi ni ngapi, na marupurupu ni yapi? Kitanda, chakula na usafiri, nani analipa? Kazi ni saa ngapi kwa siku, na siku ya mapumziko ni ipi? Ovataimu inalipwa vipi? Visa, iqama, bima na tiketi ya kurudi, nani analipa? Mshahara unaingia benki au unapewa mkononi, na tarehe ngapi? Kwa mwezi nitabaki na ngapi, na deni langu litaisha baada ya miezi mingapi? Kama jibu la hilo la mwisho ni zaidi ya miezi sita, rudi nyumbani ukafikirie tena.

Kisha hakikisha ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Usimwamini kwa cheti alichobandika ukutani, angalia kwenye orodha yao wenyewe. Mkataba uwe kwa lugha unayoelewa. Nakala moja iache kwa mtu wa nyumbani, na nyingine ipige picha uitume kwa barua pepe yako. Ukifika wakakuletea mkataba mwingine wenye mshahara mdogo, ile nakala ndiyo shahidi wako. Nambari ya ubalozi wetu wa nchi unayokwenda iandike kwenye karatasi pia, simu zinachukuliwa.

Kama mtu atakwambia kuuliza maswali mengi ni kukosa tawakkul, mkumbushe kwamba aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'an, Suratul Baqara aya ya 282, ni aya ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Dini yetu ilitufundisha kuandika kabla ajenti hajazaliwa. Ngamia hufungwa kwanza, tawakkul ikafuata.

Ukiwa na mkataba nyumbani na huuelewi, uletee ofisini kwetu, tuusome pamoja kabla ya saini, bila malipo. Baada ya saini pia njoo, lakini njoo kabla.

Allah awafungulie riziki ya halali, awahifadhi wenzetu walio ng'ambo usiku huu, na awarudishe salama walio mikononi mwa madhalimu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.